Siku Mzee Ndirangu Alipocheka

Vijana wa kundi la wapagazi hapa Naro Moru walinijia juzi wakaniomba niandike machache kwa ajili ya wanaoanza kazi ya mlima. Walileta daftari, kalamu mbili na mkate. Mkate niliupokea kwanza. Niliwaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya nikiwa mpishi, na kama wanatafuta busara wakawaulize wale waliofika kileleni mara mia. Wakasema, kwa lile jina la bibi ambalo kila mtu huniita siku hizi, "Cucu Nyaguthii, wewe andika tu vile hutuambia ukiwa kwa jikoni." Haya basi. Daftari liko magotini, miguu iko juani, na nikirukaruka kutoka habari moja hadi nyingine mnivumilie.

Kwanza nitoe kosa langu hadharani, maana nisipolitoa mimi, mpagazi mwenzetu Maina atalitoa, na yeye huliongezea chumvi. Safari yangu ya kwanza nilipanda na githeri. Mahindi makavu na maharagwe makavu, kilo sita, kwa sababu nilizaliwa Nyeri na sikujua kama kuna chakula kingine cha kumpa mwanamume anayebeba mzigo. Nilibandika saa sita mchana. Maji yakachemka upesi hata nikajisifu. Saa kumi na mbili jioni maji yalikuwa bado yanachemka na maharagwe yalikuwa vile vile, yakigongana ndani ya sufuria. Huko juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha, na unaweza kuchemsha mpaka gesi iishe. Ya kwangu iliisha. Wapagazi wanane walikula githeri ile kimya kimya, kwa heshima, na mmoja wao akapoteza kipande cha jino. Kwa misimu miwili jina langu mlimani lilikuwa Mama Kokoto.

Kwa hiyo wewe unayeanza, maharagwe yaivishe nyumbani, yachuje, ndipo uyabebe. Kama una sufuria ya presha, angalia ile raba ya mfuniko ukiwa bado kwako, si ukishafika lango la mbuga. Mayai yafukie ndani ya unga wa ugali. Yatafika mazima hata mpagazi akiteleza, na akiteleza vibaya mtakula ugali wa mayai na hakuna atakayelalamika. Chumvi igawe mifuko miwili, ibebwe na watu wawili wasiopendana, ili wasitembee pamoja na kutumbukia mto mmoja. Vitunguu visikae karibu na begi la kulalia la mgeni. Hili la mwisho nilijifunza kwa kuandikiwa barua ya malalamiko ya kurasa tatu.

Mambo yamebadilika, najua. Sisi tulipanda na gambuti, viatu virefu vya mpira, na mzigo ulikuwa gunia lenye kamba. Nyinyi mna mabegi yenye mikanda ya kiunoni, mna mizani langoni ya kumzuia mtu asibebeshwe kama punda, na simu zenu zina ramani inayowaonyesha mlipo kwa kitone cha buluu. Siwaonei wivu. Sawa, nawaonea kidogo, kwa zile glavu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho simu haina, nacho ni kiazi.

Msicheke bado. Mpishi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, mkiwa juu, kila mtu kwenye kundi alipewa kisu na kiazi kimoja, waru, akimenye mwenyewe kwa ajili ya supu ya mchana. Wageni walipenda sana, wakapigana picha, wakidhani ni mila za Wakikuyu. Haikuwa mila. Yule mzee alikuwa akitazama maganda. Mtu ambaye kichwa chake kiko sawa hutoa ganda jembamba, refu. Mtu ambaye mlima umeanza kumshika hutoa mapande manene, au husimama katikati akasahau alichokuwa akifanya, au hukasirikia kiazi. Mtu wa namna hiyo hapandi zaidi siku hiyo, na asipopata nafuu hushushwa. Nilifanya hivyo miaka yote, na viazi vya Naro Moru vimeokoa watu wengi wasiojua hata walikuwa wagonjwa. Jambo ambalo yule mzee hakunifundisha ni hili: viazi viligawiwa wageni na wapagazi, lakini kiongozi hakupewa. Nani angempa kiongozi kiazi?

Hasa kiongozi kama Mzee Ndirangu. Wengi wenu hamkumpata kazini. Alikuwa mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya mazishi. Katika miaka kumi na mmoja niliyopika chini yake, nilimwona akitabasamu mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa jino likimuuma. Alitufundisha yote tuliyoyajua. Alijua ukungu utashuka saa ngapi kwa kunusa. Na alikuwa na sheria moja iliyotutetemesha sote: mpishi hapangi njia. Alikuwa amemfukuza mpishi aliyenitangulia kwa kusema tu, "Nafikiri tungepita kushoto." Nilikuwa nimeachiwa na mume watoto watatu na shamba la mteremko lisilolisha hata kuku. Nilikuwa tayari kupita kushoto, kulia au chini ya ardhi, mradi nisifukuzwe.

Sasa mwezi wa Juni wa mwaka mmoja, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, tukapata kundi la vijana sita. Hawakuwa wazungu, walikuwa vijana wetu wa hapa hapa, wa Nyeri na Karatina, waliokuwa wamechoka kuutazama mlima kutoka dirishani. Na hawakutaka njia ya kawaida. Walitaka tuukate mlima juu kwa juu, kutoka upande wa Naro Moru hadi upande wa Nanyuki, kupitia mabonde matatu yasiyo na njia wala alama, siku tano na mahema mgongoni. Mzee Ndirangu alikuwa ameipita mara kadhaa, na walinzi wa mbuga wakatupa ruhusa kwa sababu ni yeye. Kati ya vijana wale, wawili ndio mtakaowasikia. Mmoja ni Shiru, msichana aliyeuza mitumba katika soko la Karatina, mdomo wake haukujua kupumzika. Wa pili ni Bhavin, mtoto wa wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, kijana mnene mwenye roho nzuri, asiyekula nyama. Siku ya kuondoka mama yake alitoka dukani na mkebe wa chapati nyembamba za majani ya uwatu na chupa ya achari, akamshika Mzee Ndirangu mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, huyu ni mmoja tu niko naye," akasema. "Unirudishie." Mzee akamwambia, "Mama, nitamrudisha." Hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Mnajua Nyeri ilivyo mwezi wa Juni. Ukungu na manyunyu, nguo hazikauki, kila mtu amejikunyata. Tulipanda ndani ya ubaridi ule siku nzima ya kwanza, kwa gari na kisha kwa miguu, na siku ya pili asubuhi tukatoboa mawingu. Ghafla juu kukawa kweupe na jua kali, na chini mawingu yametandazwa mpaka upeo wa macho, na Nyeri yote na Karatina yote na madeni yake yote yako chini ya blanketi. Shiru alipiga mayowe. Mimi niliyekuwa nimeona jambo hilo mara nyingi nilipiga mayowe pia. Kuna furaha ya huko juu inayokuingia kwa miguu, huwezi kuizuia, unataka kumkumbatia hata mtu asiyelipa kodi ya nyumba yako.

Hapo ndipo tulipofanya kosa, na ni kosa letu sisi wa hapa, mgeni wa ng'ambo hawezi kulifanya. Ilikuwa safari ya kwanza baada ya mvua. Tangu mwezi wa Machi hakuna aliyekuwa amepanda. Tulikuwa bondeni tukipanda maharagwe. Na bado kila mmoja wetu alijiambia, mimi ni mtoto wa mlima, mlima haunishiki. Mapafu ya Februari si mapafu ya Juni, wanangu. Hayawekwi kabatini yakangoja msimu. Mzee Ndirangu tena alikuwa na kikohozi cha wiki mbili, nasi tulipanda kwa siku mbili mwinuko ambao angewapandisha wageni kwa siku tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikataza hivyo. Mganga hajigangi.

Mchana wa siku ya pili tuliiacha njia. Kutembea nje ya njia kule juu ni kuruka. Chini ni tope jeusi, na juu ya tope kuna mafungu ya nyasi kama vichwa vya watu wasiochana nywele. Unaruka kutoka kichwa hadi kichwa, na kimojawapo kila mara hugeuka. Bhavin alizama mpaka paja. Maina, mpagazi wetu mkuu, alizama upande wa pili akijaribu kumvuta. Wakati huo pimbi mmoja, yule mnyama mnene asiye na mkia, akatoka kwenye mawe akaketi, akatutazama kwa dharau. Mzee Ndirangu akasimama, akamwangalia pimbi kwa makini.

"Huyu," akasema, "ni shemeji yangu kabisa."

Akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya begi lake. Sisi tulishtuka kwanza, kisha tukacheka mpaka Maina akazama zaidi. Na hakuishia hapo. Alasiri yote Mzee alikuwa mtu mwingine. Alitusimulia jinsi alivyoanguka mtoni siku ya harusi yake akiwa na suti ya kuazima. Alimvika Bhavin kofia yake. Tulipofika mahali pa kupiga kambi, penye jiwe pana, alipanda juu yake akacheza mwomboko, ile ngoma ya kinanda ya wazee wetu, peke yake, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, akiimba kinanda kwa mdomo.

"Manze, huyu guka ni mnoma!" Shiru akamsifu Mzee, machozi ya kicheko yakimtoka. "Cucu, mbona mlituambia ati ni mkali?"

Na mimi? Nilipiga makofi. Nawaambia ukweli, ilikuwa mojawapo ya alasiri nzuri kuliko zote za maisha yangu, nikageuza chapati nikiinama na mwomboko. Jioni hakula. Alisema ameshiba kicheko, nasi tukaona ni msemo mzuri sana.

Asubuhi nikagawa visu na viazi. Mzee akaja, kofia ameirudisha kichwani nyuma mbele. "Nyaguthii, leta waru. Hata mimi leo niko na hamu ya kazi." Vijana wakashangilia. Nikampa, kwa kicheko. Akamenya. Akachukua maganda, akayatia ndani ya sufuria yangu. Akachukua kiazi, akakitupa nyuma ya bega lake kwenye takataka. Vijana wakaanguka kwa kucheka, na mimi nikacheka nao, nikampa cha pili ili aendelee na mchezo.

Akafanya vile vile. Lakini safari hii nilimtazama machoni, na hakuwa akicheza. Alikuwa akiangalia maganda ndani ya sufuria kwa kuridhika, kama mtu aliyemaliza kazi safi.

Kicheko kiliniisha mwilini. Nikamwambia viatu vyake havijafungwa. Akainama, akahangaika kwa muda mrefu, akafunga kamba ya kiatu cha kulia pamoja na kamba ya kiatu cha kushoto. Aliposimama akaanguka. Hilo nalo aliliona la kuchekesha.

Nilimvuta Maina nyuma ya hema. "Maina, Mzee ni mgonjwa. Mlima umeshika kichwa chake. Lazima ashuke saa hii."

"Wewe ni mpishi," Maina akanong'ona. "Mpishi hapangi njia. Akisema ni juu, ni juu."

"Angalia viatu yake."

Akaenda kuangalia. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini bado alitikisa kichwa. "Basi mwambie wewe. Mimi niko na watoto."

Kana kwamba wangu walikuwa mbuzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa sote, na hakuna aliyetufundisha la kufanya mkuu mwenyewe anapopotewa na akili. Nikaenda. Nikapiga magoti karibu naye, nikamwambia polepole, "Mzee, nafikiri hewa imekushinda kidogo. Tushuke."

Kicheko kilikatika. "Imeshinda nani? Mimi nimepanda hii mlima kabla wewe ujue kuchemsha chai! Ukisema hiyo maneno mara ingine, Nyaguthii, hii ndio safari yako ya mwisho na mimi. Na hata na mtu mwingine yeyote, nitahakikisha." Kisha akaona pimbi, akaanza kucheka upya.

Nilisimama pale na kisu cha viazi mkononi. Mbele yetu ulikuwa ukingo wa bonde la pili, juu zaidi, na huko angekufa. Nilishawahi kusikia wanavyokufa, hulala tu. Nikinyamaza, nabaki na kazi bila Mzee. Nikilazimisha, atapigana nasi kwenye mteremko na kuanguka. Ndipo nikamwona Bhavin amekaa juu ya jiwe akila chapati na achari, na nikamkumbuka mama yake.

"Kijana," nikamwambia, "unaweza kuwa mgonjwa?"

"Lini, Auntie?"

"Sasa hivi."

Nikamweleza kwa maneno machache. Alimeza chapati, akafuta vidole, akasimama, akajitupa chini kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika Nanyuki. Nilikuwa nimemwambia kichwa kinamuuma. Yeye akashika tumbo, akakumbuka, akahamia kichwani, akakosa uhakika, akashika vyote viwili. Alilia kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa Kigujarati. Shiru alijificha ndani ya hema akiuma begi la kulalia.

Lakini Mzee Ndirangu alisimama wima. Nawaambia, nilimwona kiongozi wangu akirudi kutoka mbali. "Huyu anashuka," akasema. "Mgonjwa hangoji. Pakieni." Akamshika Bhavin mkono, na Bhavin, akiendelea kulia, akamshika Mzee mkanda wa begi kwa nguvu kutoka nyuma. Hivyo ndivyo tulivyoondoka, mgonjwa wa uongo amemshika mgonjwa wa kweli, na kila mmoja akidhani, au akijifanya kudhani, kwamba ndiye anayemsaidia mwenzake.

Hatukuwa na njia ya kurudia. Tulikuwa tumeruka mafungu ya nyasi alasiri nzima ya jana, na ukungu ulikuwa tayari unapanda. Mzee akaonyesha kijito. "Tufuate maji. Maji inaenda nyumbani." Mtu mwingine angesema hivyo ningemwelewa, kwa sababu kweli maji yale hushuka hadi kwetu. Lakini ni Mzee Ndirangu aliyenifundisha, mwaka wangu wa kwanza, kwamba mto wa mlimani huenda nyumbani kwa kuruka maporomoko, na kwamba anayeufuata hujikuta kwenye korongo la mianzi asiloweza kutoka wala kurudi. Ukipotea, panda kidogo, tafuta mgongo wa kilima, ushuke nao. Kwa sauti ya upole nikasema, "Mzee, ngoja nitangulie nimtafutie mgonjwa mahali pakavu." Nikatangulia. Mpishi alikuwa anapanga njia.

Nilishuka na mgongo. Kila nilipofika mahali ukungu unameza kila kitu nilisimama, nikangoja ufunguke, nikachagua jiwe la mbele ninaloliona, nikaliendea hilo tu, kisha lingine. Fanyeni hivyo. Msiende kwa kubahatisha kwa sababu watu nyuma yenu wana haraka. Nyuma yangu Bhavin alikuwa akisahau kulia, na Shiru kila mara akimkumbusha, "Bhavin, unaumwa!" naye akianza upya, "Ooh, mama yangu!" na Maina, mwenye mabegi mawili, akikohoa ili asicheke. Tulikuwa na hofu na tulikuwa na kicheko kwa wakati mmoja, na sijui hata leo ni kipi kilichotushusha.

Saa nane mchana, tulipoingia kwenye vichaka vya chini, Mzee alitapika na miguu ikamkataa. Hapo hakuna aliyecheka. Maina alimbeba kwanza, kisha mimi nikachukua begi la Maina, na Maina alipochoka, Bhavin akainama bila kuulizwa, akampandisha Mzee mgongoni. Yule kijana mnene alimbeba kwenye mteremko ule karibu saa nzima. Nami nilikuwa mbele hatua chache tu, nikasikia Mzee, kichwa kikiwa kwenye bega la Bhavin, akimpigapiga mgongo taratibu.

"Vumilia, kijana," alikuwa akisema. "Vumilia. Nilimwambia mama yako nitakurudisha. Tumekaribia."

"Ndiyo, Mzee," Bhavin akajibu. Na sasa machozi yake hayakuwa ya mchezo.

Jioni, mahali ambapo barabara ya msitu huanzia, simu ikashika mtandao na gari la walinzi likaja. Mzee alifikishwa hospitali mjini Nyeri. Daktari alitwambia kwamba angepanda siku ile badala ya kushuka, tungemleta akiwa amefunikwa blanketi uso.

Wiki moja nilikaa nyumbani nikiwa na furaha kwamba yuko hai, na nikijua kwamba nimekwisha. Nilikuwa nimemdanganya kiongozi mbele ya wageni, nimevunja sheria yake, nimewapitisha watu nilipotaka mimi. Nikaanza kuulizauliza kazi katika hoteli za Nanyuki. Siku ya nane nikapika uji wa wimbi, nikajitanda leso, nikaenda kwake kuaga kwa heshima kabla sijafukuzwa.

Nilimkuta ameketi nje, blanketi mabegani, uso umefungwa kama zamani. Niliuona uso ule nikataka kupiga vigelegele. Nikammiminia uji. Akanywa kidogo.

"Yule kijana wa dukani alikuja jana na mama yake," akasema. "Nikamuuliza kichwa yake inaendelea namna gani. Akaniuliza, 'Kichwa gani, Mzee?'"

Nikamwongezea uji ambao hakuuomba.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, Mzee."

"Mbele ya wageni."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukakataa mto, ukashuka na mgongo. Nani alikwambia ushuke na mgongo?"

"Ni wewe, Mzee. Mwaka wa kwanza."

Alikunywa uji wake wote, polepole, bila kuniangalia. Kuku walipita, ng'ombe akalia, mke wake akachungulia mlangoni akarudi ndani. Mimi nilikuwa nimeshajipangia maneno ya kumshukuru kwa miaka kumi na mmoja.

"Mwezi ujao kuna kundi lingine linataka hiyo njia," akasema mwishowe. "Mimi daktari amenikataza mlima mwaka huu. Wewe ndio utatangulia."

Nilidhani kichwa chake bado hakijapona. "Lakini Mzee," nikasema, "mimi ni mpishi."

"Mpishi atatafutwa," akasema, akanirudishia kikombe.